Kurudi kwa Mario, fremu kwa fremu: shajara ya mradi wa mruko

Siku ya 1

Nimeanza. Mpango ni kucheza upya gemu za Super Mario za kuchezea kwenye televisheni zilizotoka kati ya 1985 na 1990, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa kutoka kwake, bila kupita njia za mkato za kurukia dunia (yaani mafungu ya hatua) za mbele. Sambamba na hilo naandika programu yangu ndogo yenye hatua moja tu ya kucheza. Programu hiyo haihitaji kupendeza. Michoro yake ni miraba mitupu. Nataka kitu kimoja: mtu akibonyeza kitufe cha kuruka, kidole chake kiutambue mruko wa Mario.

Gemu hizi nimezicheza tangu utotoni na nilidhani nazijua. Nakumbuka matofali yaliyofichwa, mabomba yanayoingilika, hata milio ya sarafu. Lakini mtu aliponiuliza kwa nini mruko wa Mario unaridhisha kuliko wa gemu nyingine za enzi hizo, nilikosa jibu. Nikasema tu "uko vizuri". Jibu hilo limenisumbua, na ndilo lililozaa mradi huu.

Kabla ya kufungua Super Mario Bros. nimetumia saa nzima kwenye Donkey Kong ya 1981, ambamo shujaa wetu alikuwa bado anaitwa Jumpman. Humo, akishaondoka ardhini basi tena. Anakwenda alikokwisha kuelekea, na wewe unasubiri atue. Kisha nikafungua ile ya 1985. Ndani ya sekunde kumi niliihisi tofauti: huyu unaweza kumvuta nyuma akiwa hewani. Ukikosea kuruka, bado una muda wa kumwokoa.

Siku ya 2

Leo sikufika popote. Nimekufa kwenye mashimo ambayo nilikuwa nayavuka nikiwa mtoto wa darasa la tatu, na kila mara nilikuwa na hakika kwamba nimebonyeza kwa wakati.

Jioni nikaichukua simu, nikairekodi skrini pamoja na kidole changu kwa picha 240 kwa sekunde, halafu nikahesabu. Kutoka kidole kinapogusa kitufe hadi Mario anapoondoka ardhini zilipita takribani fremu 6 za gemu, yaani picha 6 zinazofuatana. Gemu hii inaonyesha karibu fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo nilikuwa nacheza nikiwa nyuma kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini Mario akikimbia kwa kasi yake yote anakata takribani pikseli (nukta za picha) 2.5 kwa kila fremu, na tofali moja lina upana wa pikseli 16. Fremu 6 ni pikseli 15. Nilikuwa naruka karibu tofali zima nimechelewa.

Televisheni za zamani za chupa, zile nene zenye mgongo mkubwa, zilichora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kadiri mawimbi yalivyoingia. Televisheni bapa za leo huishika picha kwanza, zikaipanua, zikailainisha na kuipaka rangi, ndipo ziionyeshe. Nimeingia kwenye mipangilio, nikawasha hali ya gemu na kuzima kila kitu kinachojidai kuboresha picha. Nikapima tena: fremu 2. Nikavuka mashimo yote.

Kama nawe una mpango wa kurudi kwenye gemu za zamani, anza na hili. Wengi wamezirudia, wakaona ni ngumu kupita kiasi, wakaziacha, kumbe tatizo lilikuwa skrini.

Siku ya 5

Siku tatu nzima nimekaa kwenye hatua ya kwanza, 1-1. Naipita kwa chini ya dakika moja, lakini nimeirudia nikiwa na daftari pembeni.

Mwanzoni Mario amesimama kushoto na upande wa kulia kuko wazi. Hakuna maandishi ya kukuelekeza. Adui wa kwanza, Goomba, anakuja polepole akitokea kulia. Ukisimama tu, anakugusa na unakufa, ila hujapoteza kitu kwa sababu ndio kwanza umeanza. Ukiruka ukamtua kichwani, umejifunza kupigana. Kisha matofali yenye alama ya kuuliza, na ndani ya moja kuna uyoga. Uyoga unatoka ukiteleza kwenda kulia, unaanguka, unagonga bomba na kugeuka kukufuata. Mchezaji mgeni ambaye bado anaogopa kila kinachotembea hana pa kuukimbilia kirahisi. Unamgusa, anakua, na hapo anajua kwamba uyoga ni rafiki. Shigeru Miyamoto mwenyewe, mbunifu wa gemu hizi, amewahi kueleza kwamba mwanzo huu ulipangwa hivyo kwa makusudi.

Kilichonishika zaidi kiko mbele kidogo, na sikuwahi kukitilia maanani. Karibu na mwisho wa hatua kuna ngazi mbili za matofali zinazotazamana: unapanda ya kwanza, unaruka, unatua kwenye ya pili. Katikati yake kuna ardhi. Ukikosea unaanguka chini salama, unapanda tena. Mbele kidogo tena zinakuja ngazi nyingine mbili zinazofanana nazo, na safari hii katikati kuna shimo. Mruko ni uleule. Mkono umeshaufanya, macho yameshauona, kilichobadilika ni gharama ya kukosea.

Nimechora ngazi hizo kwenye daftari, tofali kwa tofali. Nitazihitaji.

Siku ya 9

Siku ya tarakimu. Kuna wapenzi wa gemu hii waliofasiri msimbo wake wote na kuuwekea maelezo mstari baada ya mstari, nami nimeusoma sehemu inayohusu mruko huku nikiisogeza gemu fremu moja moja ili nihakikishe kwa macho.

Kwanza, mazingira. NES, mashine ya kampuni ya Nintendo inayochezesha gemu hii, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2. Gemu nzima, yaani dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, muziki wa Koji Kondo na michoro yote, imeingia kwenye kilobaiti 40. Ndiyo maana wingu na kichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Prosesa yake haijui hesabu za desimali, kwa hiyo kasi ya kwenda mbele huhesabiwa kwa vipande vya 1/16 ya pikseli, na mvuto, yaani nguvu inayomrudisha chini, kwa vipande vya 1/256.

Sasa mruko wenyewe. Mario aliyesimama anaondoka ardhini kwa kasi ya pikseli 4 kwa fremu. Ukiendelea kushikilia kitufe, kila fremu inampunguzia 32/256 ya pikseli, yaani 0.125. Ukipiga hesabu, anapanda takribani pikseli 64, sawa na matofali 4, kwa fremu 32. Mario anayekimbia anaondoka kwa kasi ya 5, na mvuto unaomrudisha ni 40/256. Huyu anapanda takribani pikseli 80, matofali 5. Muda? Fremu 32 zilezile.

Hapo nilisimama nikazunguka chumbani. Waliutengeneza mruko wa kukimbia uwe mrefu zaidi, lakini wakauacha muda wa kupanda uleule, nusu sekunde hivi. Kidole hakihitaji kujifunza mapigo mawili. (Kuna mruko wa tatu, wa kutembea, wenye mvuto wa 30/256, na huo unazidi kidogo tu, kama fremu 34.)

Kuna jambo jingine, na nadhani hili ndilo jibu nililolikosa. Mvuto wa kupanda na wa kushuka haulingani. Mara Mario anapoanza kushuka, au mara unapokiachia kitufe akiwa bado anapanda, mvuto unaruka kutoka 32 hadi 112. Ni mara tatu na nusu. Kwa hiyo anapanda kwa utulivu, kama anayekupa nafasi ya kufikiri, kisha anashuka kwa uzito, akiwa na hamu ya kukanyaga kitu. Kupanda nusu sekunde, kushuka theluthi ya sekunde. Na kwa sababu kuachia kitufe kunaleta ule mvuto mzito papo hapo, kidole ndicho kinachoamua urefu wa mruko: kubonyeza na kuachia ni kuruka tofali moja na kidogo, kushikilia ni kuruka manne.

Kwa miaka yote hiyo kidole changu kilikuwa kinazijua tarakimu hizi bila mimi kuziona.

Siku ya 11

Nimeandika mruko wa kwanza kwenye programu yangu na haufai kabisa. Mraba wangu unaelea kama puto.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, nilisahau kuubadilisha mvuto pale mraba unapoanza kushuka. Niliubadilisha kitufe kinapoachiwa tu. Hilo nimelirekebisha kwa mstari mmoja. La pili lilinila mchana kutwa. Nilikuwa naupima muda kwa saa ya kompyuta: fremu ikichelewa, mraba unasogea zaidi ili kufidia. Ni njia ya kawaida kwenye gemu za leo, lakini kwa njia rahisi niliyokuwa nimehesabia, mruko uleule ulifika urefu tofauti kila mara. Mara pikseli 61, mara 66. Ngazi za matofali 4 nilizoziweka zilipandika mara moja na kukataa mara nyingine.

Nimeing'oa sehemu yote hiyo. Sasa programu inahesabu mara 60 sawasawa kwa sekunde, na tarakimu zote ni namba kamili za vipande vya 1/256, kama walivyofanya wao. Nimeruka mara hamsini. Urefu ni mmoja, mara zote hamsini.

Siku ya 12

Nimeimaliza Super Mario Bros. Dunia ya 8 imenichukua jioni mbili.

Nimegundua pia kwamba saa iliyo pembeni mwa skrini, inayohesabu muda uliobaki, haihesabu sekunde. Kila kipande chake ni fremu 24, yaani 0.4 ya sekunde, kwa hiyo 400 za hatua ya kwanza ni sekunde 160 tu. Utotoni nilikuwa naamini nina karibu dakika saba.

Siku ya 16

Super Mario Bros. 2 ziko mbili. Ya Japani ilitoka 1986 kwenye Famicom Disk System, kifaa cha diski cha mashine ya Nintendo ya huko, na inatumia karibu kila kitu cha ile ya kwanza. Tawi la Nintendo la Marekani liliiona ni ngumu mno kwa wateja wake, basi 1988 Marekani ikapewa gemu nyingine kwa jina hilohilo, iliyogeuzwa kutoka Yume Kōjō: Doki Doki Panic ya 1987. Ya Japani ilifika nje ya nchi hiyo baadaye, 1993, ndani ya mkusanyo wa Super Mario All-Stars, ikiitwa The Lost Levels.

Nimezicheza zote mbili, na nasema wazi: ya Japani sikuipenda. Mruko ni uleule mzuri, lakini kila ulichofundishwa na gemu ya kwanza kinageuzwa kuwa mtego. Kuna uyoga wa sumu. Kuna upepo unaokusukuma ukiwa hewani. Kuna bomba kwenye 3-1 linalokurudisha dunia ya kwanza. Wanaoipenda wanasema ni mtihani wa waliokwisha kufuzu, na nawaelewa. Mimi kila nilipokufa nilihisi nimedanganywa. Nimetoka nayo na jambo moja la thamani: Luigi wake, ndugu yake Mario, anaruka juu zaidi na kuteleza zaidi anaposimama, na hapo ndipo ndugu hawa wawili walipoanza kuwa watu tofauti mikononi mwa mchezaji.

Ya Marekani imenishangaza kwa uzuri. Wahusika ni wanne na kila mmoja ana mruko wake. Binti Mfalme anaelea hewani kwa muda mfupi kabla ya kushuka, na Toad anaruka chini lakini ndiye mwepesi kung'oa mboga za kuwarushia maadui. Ukichuchumaa kwanza hadi mhusika aanze kumetameta, mruko unaofuata ni mrefu zaidi. Huwezi kumuua adui kwa kumkanyaga. Unasimama juu yake, unambeba, unamrusha. Siku ya kwanza vidole vyangu vilikataa kabisa. Siku ya tatu nilikuwa natabasamu.

Siku ya 22

Super Mario Bros. 3, Japani 1988, Amerika Kaskazini 1990. Nilikuwa nimepanga siku nne. Nimekaa wiki na bado niko dunia ya 6.

Gemu inafunguka kwa pazia linalopanda. Ukitazama vizuri, vibao vya rangi vimefungwa kwa parafujo na vinaangusha kivuli kwenye mandhari ya nyuma. Mwisho wa kila hatua unaingia gizani, kama mwigizaji anayetoka jukwaani. Hayo yote niliyaona utotoni bila kuyaunganisha. Miaka mingi baadaye Miyamoto alithibitisha kwamba ndiyo, ni igizo la jukwaani. Kwenye 1-3 kuna kibao cheupe. Ukichuchumaa juu yake sekunde chache, Mario anadondoka nyuma ya mandhari na kuendelea kutembea huko, akipita nyuma ya kila kitu, hadi nyuma ya mwisho wa hatua ambako kuna filimbi. Nilipofanya hivyo juzi nilipiga kelele peke yangu. Filimbi yenyewe sikuitumia, ni njia ya mkato.

Kuhusu mruko: safari hii kukimbia kuna kipimo kinachoonekana. Chini ya skrini kuna mishale inayojaa kadiri unavyoongeza mbio, na mwisho wake herufi P. Ikiwaka huku umepata jani linalompa Mario mkia, unapaa. Athari yake kwenye hatua ni kubwa, kwa sababu kila uwanja tambarare mrefu umegeuka kuwa njia ya kurukia kama ya ndege. Nimejikuta natazama ardhi na kujiuliza kama inatosha kujaza mishale. Tena skrini sasa inarudi nyuma na kupanda juu, wakati ile ya 1985 ilikuwa inakwenda kulia tu na ukishaacha kitu nyuma kimekwenda.

Kwenye ukingo wa kulia wa skrini kuna vijimistari vya rangi isiyo yake vinavyotokea unaposogea. Hiyo ni mashine kuelemewa na kusogeza picha pande zote mbili. Nimeiacha ionekane. Programu niliyotumia kuigiza mashine ina chaguo la kuificha, lakini napenda kuona mahali walipofika ukingoni.

Siku ya 28

Super Mario World, 1990, mashine mpya, vitufe vingi zaidi. Kuna mruko wa pili wenye kitufe chake, wa kuzunguka: unakudundisha salama juu ya viumbe vyenye miiba na kuvunja baadhi ya matofali kwa kuyashukia. Kuna Yoshi, dinosau anayembeba Mario, ambaye unaweza kumruka mgongoni mkiwa hewani na kupata mruko wa ziada, yeye akianguka shimoni peke yake. Nimefanya hivyo mara mbili na mara zote mbili nimeumia moyoni.

Njia za kutokea kwenye hatua zake zote ni 96. Nimepata 71. Sina haraka, kwa sababu ramani inabadilika kila unapofungua njia, na gemu inaweka kumbukumbu ya ulipofikia, jambo ambalo tatu za kwanza za NES hazikuwa nalo. Ni nzuri kupita zote kwa utajiri. Kwa mruko mtupu, bado moyo wangu uko kwenye ile ya tatu.

Siku ya 31

Programu yangu imepata mchezaji wa kwanza ambaye si mimi. Mpwa wangu ana miaka tisa na hajawahi kushika gemu yoyote kati ya hizi. Nimempa kidhibiti, nikajiwekea sharti: sitamwelekeza.

Hatua yangu ilikuwa na ardhi tambarare, matofali matatu ya kupanda, kisha shimo la upana wa matofali 5. Alikufa mara saba. Mara ya nane aliniangalia.

"Mjomba, hapa panapitika kweli?"

"Panapitika."

"Mbona mimi sifiki?"

Alikuwa anaruka akiwa amesimama ukingoni, kila mara. Kukimbia alikuwa anakujua. Alikimbia vizuri tu kwenye ardhi tambarare. Lakini shimo lilikuwa linamtisha, anapunguza mwendo, anasimama, ndipo anaruka. Aliweka kidhibiti kwenye kiti akaenda kunywa maji, na hakurudi.

Nimefungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya 5. Nimeongeza ngazi mbili zenye ardhi katikati kabla ya lile shimo, umbali uleule wa matofali 5. Tarakimu za mruko sijazigusa hata moja.

Siku ya 32

Amekuja mwenyewe baada ya chakula, akakiwasha kidhibiti bila kuniomba.

Kwenye ngazi zangu mpya alianguka katikati mara mbili. Hakujali. Mara ya tatu alirudi nyuma hadi mwanzo wa tambarare, akaja mbio, akapanda, akaruka, akatua upande wa pili. Akashuka, akarudi, akarudia. Akarudia tena bila sababu yoyote ninayoijua, ila kwamba ilikuwa inampendeza. Alipofika kwenye shimo hakupunguza mwendo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na sikusema kitu. Alivuka, akaenda hatua chache, kisha akageuka kushoto, akagonga ukingo wa skrini. Niliifuata ile ya 1985: kamera hairudi. Akajaribu tena kwa kuruka.

"Mjomba, mbona haturudi? Nataka kuliruka tena lile shimo."

Kesho naanza kuandika upya kamera.